Kisima cha Maalim na daftari la saa kumi

Daftari ni la kurasa 96, jalada la buluu, na juu ya ukurasa wa kwanza pameandikwa Bismillahi kwa wino mwekundu. Chini yake zimo safu mbili tu, tarehe ya mwezi na namba. Safu ya saa haimo, kwa kuwa mwenyewe aliona haina haja: Maalim alipima maji ya kisima chake kila siku akitoka msikitini baada ya sala ya alasiri, na katika siku 42 hakuruka hata moja. Nimewahi kufanya kazi na watu wa maabara wasio na nidhamu hiyo. Na nidhamu hiyo hiyo ndiyo iliyompoteza.

Nyumba iko Shela, kisiwani Amu, yaani Lamu, hatua kama mia na hamsini kutoka ufukweni. Kisima kilichimbwa na babu yake, kuta zake za mawe ya matumbawe, na siku hizi kina pampu ndogo ya umeme inayopandisha maji hadi tangi la darini. Aliyeanza kulalamika ni mkewe. Sabuni ya kufulia ilikataa kutoa povu, kisha chai ikaanza kuwa na ladha isiyoeleweka. "Mai yamengia munyu," akasema, yaani maji yameingia chumvi, na kwa Amu neno hilo halichukuliwi kimzaha. Mji mzima unaishi juu ya maji matamu machache yaliyolala chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakielea juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi.

Maalim akaagiza ile kalamu ya kupimia, unayoichovya majini ikakupa namba ya upitishaji umeme. Maji matupu hayapitishi umeme sana, chumvi iliyomo ndiyo inayoupitisha. Kwa kipimo cha mikrosiemensi kwa sentimita, maji ya bahari huwa karibu 50,000. Maji ya kunywa yasiyo na kasoro ulimini huwa mamia kadhaa, na yakishapita 1,500 hivi watu wengi huanza kukunja uso.

Alianza mwezi tano Rajabu, namba ikiwa 1,350. Ikapanda kila siku, na mwezi kumi na tatu ikafika 2,050. Nyuma ya ukuta wake kuna nyumba ya wageni iliyokuwa imetoka kufunga pampu mpya yenye kelele, kwa hiyo mshitakiwa hakutafutwa mbali. Maalim akaenda kuzungumza na jirani, kwa adabu, lakini akazungumza. Siku zilizofuata namba ikaanza kushuka. Akaridhika, akaamini jirani ameona haya akapunguza. Baada ya wiki ikapanda tena, ikafika karibu pale pale, na safari hii Maalim aliamini kuwa anafanyiwa kusudi. Alipofunga safari kuja kunitafuta mjini, alikuwa ameshaamua kulipeleka jambo kwa wazee wa mtaa. Alichotaka kwangu, mwalimu wa fizikia, ni kumwandikia barua itakayosema kwamba vipimo vyake ni sahihi.

Vipimo vilikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Barua sikuiandika.

Mpwa wake naye alikuwa na maelezo yake. Alisema jirani hana hatia, ni bahari inayosukumwa kutoka Indonesia: huko chini ya sakafu ya bahari kuna mabamba yanayosuguana, wataalamu wanapima umeme ardhini, na umeme ukibadilika tetemeko liko njiani. Maalim alimtazama kwa jicho la huruma. Mimi sikumcheka, kwa sababu ukiondoa hitimisho lake, kijana alikuwa ameligusa jambo lenyewe kuliko sisi wawili.

Pwani yetu haiko juu ya ukanda wa mzamo, yaani mahali ambapo bamba moja la gamba la dunia huzama chini ya jingine. Kanda za aina hiyo zilizo katika bahari yetu ni ule wa Makran, mbele ya pwani ya Iran na Pakistan, na ule wa Sunda, unaopita upande wa magharibi wa Sumatra na kusini mwa Java. Huo wa Sunda ndio uliovunjika tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro dakika mbili usiku kwa saa zetu, kwa tetemeko la ukubwa wa takriban 9.1, mpasuko ukienda zaidi ya kilomita 1,000. Mawimbi yalivuka bahari nzima na kufika kwetu mchana. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Somalia ikapoteza mamia. Jambo mojawapo lililotuokoa ni kwamba mawimbi yalitukuta maji yamepwa. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, na kila mvuvi wa hapa anajua kuwa siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupwa asubuhi ya saa nne au saa tano, ikajaa alasiri. Wimbi lile lile lingefika saa chache baadaye, tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini wimbi hilo lilipita juu ya bahari, likaondoka. Halisukumi chumvi kisimani mwa mtu kwa wiki sita.

Umeme wa ardhini ni habari nyingine. Bamba linalozama hubeba maji ya bahari yaliyonaswa kwenye tope na kwenye nyufa za mwamba. Kadiri linavyokwenda chini, maji hayo hukamuliwa. Yakibanwa bila njia ya kutokea, yanainua mgandamizo na kuulegeza mshiko kati ya bamba la juu na la chini. Kwa hiyo anayetaka kujua mabamba yameshikana wapi na wapi yanateleza, hana budi kujua maji yako wapi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme mara maelfu kuliko mwamba mkavu. Ndiyo maana wanaochunguza ukanda wa Hikurangi, New Zealand, huzika vifaa ardhini na kuvishusha sakafuni mwa bahari: wameona kwamba sehemu zinazopitisha umeme kwa urahisi huwa zimeshikana kidogo, na zile zinazoukinza huwa zimekaza.

Umeme wenyewe hawaupeleki wao. Jua hupuliza upepo wa chembe unaotikisa sumaku ya dunia, radi za nchi za joto nazo huongeza mitikisiko yao ya haraka, na mtikisiko wowote wa sumaku huamsha mikondo ya umeme ardhini. Wewe unatega sikio tu. Mtikisiko wa haraka huishia juujuu, wa polepole huzama mbali. Kina chake kwa kilomita ni kama nusu ya kipeuo cha pili cha ukinzani wa mwamba, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ukizidishwa kwa muda wa mtikisiko mmoja. Mwamba wenye ukinzani wa omu-mita 100 na mtikisiko wa sekunde moja hukupa kilomita 5. Mtikisiko wa sekunde 100 hukupa kilomita 50. Mikhail Tikhonov wa Urusi, la, kalamu imeteleza: ni Andrey Tikhonov, aliyelieleza wazo hilo mwaka 1950, na Louis Cagniard wa Ufaransa mwaka 1953.

Kuchora picha mara moja ni kazi ya kawaida siku hizi. Kufuatilia mabadiliko, siku baada ya siku, ndiko kugumu, na hapo ndipo nilipomkumbuka Maalim. Kusini mwa Tokyo kuna mahali panaitwa Aburatsubo, kwenye rasi ya Miura, ambako Wajapani walianza mwaka 1968 kupima mfululizo ukinzani wa mwamba ndani ya pango karibu na bahari. Kifaa chao kilikuwa chepesi wa kuhisi ajabu. Mwamba ukibanwa kidogo tu, ukinzani wake ulibadilika kwa kiwango kikubwa mara mamia kuliko huko kubanwa kwenyewe. Mitetemeko ilipotokea, namba ziliruka kama mtu anayepanda ngazi. Lakini siku za kawaida, kitu walichokiona kwenye karatasi zao asubuhi na jioni kilikuwa maji kujaa na maji kupwa. Uzito wa bahari ukipanda na kushuka ulikuwa unaubana mwamba na kuuachia, na karatasi ikaandika hivyo kwa uaminifu. Anayetafuta dalili ya tetemeko mahali kama pale lazima kwanza aitoe bahari yote kwenye hesabu. Aitoe na mvua. Aitoe na umeme unaovuja kutoka reli za treni. Kule Ugiriki, nako ni ukanda wa mzamo, wanafizikia waliodai tangu miaka ya 1980 kwamba wanasikia ishara za umeme kabla ya mitetemeko wamebishiwa kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya ubishi ni hiyo hiyo: ishara hizi ni za ardhi, au ni za mitambo ya watu?

Nilipolifungua daftari la Maalim, macho yalinikaa kwenye umbo. Kupanda wiki, kushuka wiki, kupanda wiki, kushuka wiki. Pampu ya nyumba ya wageni haina tabia ya wiki mbili. Kitu chenye tabia hiyo kinaonekana kutoka darini kwake.

Ila kulikuwa na jambo lililonitatiza. Kama ni bamvua, kilele cha chumvi kingeangukia bamvua. Hakikuangukia. Kila mara kilitangulia kwa siku tatu hivi. Maalim, ambaye hesabu za mwezi anazijua kuniliko, aliliona hilo kabla sijalisema, akalifanya ushahidi wake: "Bahari haiwezi kufika kabla ya bahari."

Nikaona bora tupime ardhi yenyewe. Njia ni kongwe: Conrad Schlumberger aliijaribu huko Normandy mwaka 1912, na Frank Wenner wa Marekani akaandika mwaka 1915 mpangilio wa vigingi vinne unaotumika hadi leo. Unachomeka vigingi vinne kwenye mstari kwa nafasi sawa, unapitisha mkondo kwenye viwili vya nje, unasoma volti kwenye viwili vya ndani. Gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa nafasi, zidisha tena kwa 6.28, umepata ukinzani wa ardhi. Mchanga ulioloa maji ya bahari huwa kama omu-mita moja, ulioloa maji matamu huwa makumi, mkavu wa juu ya kilima hufika maelfu. Nilikata vipande vya nondo, nikaazima betri ya pikipiki, na mita mbili za mfukoni.

Jaribio lilikuwa aibu tupu. Mchanga wa kaskazi ni mkavu kiasi kwamba nondo haishikani na kitu, mkondo ukawa mdogo mno na volti nilizosoma hazikutofautiana na kelele. Dawa yake ni kumwagia maji ya chumvi pale kigingi kinapoingia, kidogo tu, ili umeme upate njia. Nilipoinama na kopo mbele ya kisima, Maalim alinishika mkono. "Wanitilia munyu tena?" Nilimweleza, akakubali, akabaki amesimama pale akihesabu makopo. Kisha punda wa mchukuzi wa mawe akapita na waya mguuni, kigingi cha tatu kikang'oka, na vipimo vya asubuhi havikuweza kulinganishwa na vya jioni. Nikavifungasha vyote. Mwenye kutaka kufuatilia mabadiliko madogo kwa miezi huvizika vigingi vyake na haviguswi. Mimi nilikuwa nachomeka na kuchomoa kama mtu anayejenga hema.

Basi tukarudi kwenye kalamu na kisima, tukakesha. Ilikuwa mwezi kumi na sita Shaaban, bamvua imesimama. Tulianza mara tu baada ya alasiri. Kila nusu saa tuliwasha pampu, tukaacha ndoo moja imwagike, tukapima ya pili. Mpwa alishuka ufukweni kila saa kutazama alama tulizochora kwenye kigingi cha kufungia mashua. Bahari ilifika juu kabisa kiasi cha saa kumi na nusu jioni. Kisimani namba iliendelea kupanda, magharibi ikatukuta bado inapanda, na kilele kikawa saa moja na nusu: 2,100. Pampu ya jirani iliunguruma kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, na Maalim akawa anaikodolea kalamu macho kama anayesubiri mwizi. Namba ilikuwa inashuka. Ilishuka pampu ikiwaka, ikaendelea kushuka ilipozimwa. Saa saba na nusu usiku ilikuwa 1,260.

Katika saa sita kisima kilikuwa kimefanya kila alichokiandika Maalim kwa wiki nzima, na zaidi kidogo.

Maelezo ndiyo haya, na niliyachora kwa mkaa kwenye sakafu ya ua. Bahari ikijaa, maji ya chumvi yaliyo chini ya maji matamu huinuliwa nayo, lakini hupenya mchanga na matumbawe polepole, yakachelewa saa tatu kufika kisimani. Kisima hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Sala ya alasiri hufuata jua, na hapa kwetu haihami sana. Bahari hufuata mwezi, kila siku ikichelewa kwa dakika hamsini hivi. Anayepima kila siku saa kumi, leo anakikuta kisima karibu na kilele, kesho anakikuta kabla kidogo ya hapo, keshokutwa kabla zaidi, mpaka baada ya wiki anakikuta chini kabisa. Mawimbi mawili ya kila siku yanageuka, kwenye daftari, kuwa wimbi moja la wiki mbili. Hakuna kilichobadilika ardhini ila saa ya bahari iliyokuwa ikipishana na saa ya msikiti.

Na zile siku tatu? Siku ya bamvua bahari hujaa saa kumi na nusu, na kisima hujaa saa moja na nusu, Maalim akiwa ameshapima zamani. Ili kilele cha kisima kiangukie saa kumi, bahari iwe imejaa saa saba mchana, na hiyo huwa ni siku tatu hadi nne kabla ya bamvua. Kitu alichokitumia kuitetea hoja yake ndicho kilichoniambia ucheleweshaji ni wa saa ngapi, hata kabla hatujakesha, lau ningekuwa na akili ya kukifuata.

Maalim alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo ndilo la maana kuliko yote: ukiondoa bahari, panabaki nini?

Panabaki kitu. Ukilinganisha vilele viwili vya mwezi mpevu, 13 Rajabu ilikuwa 2,050 na 13 Shaaban ilikuwa 2,140. Hizo 90 hazielezwi na saa ya kupima. Huenda ni jirani. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg walionyesha, zaidi ya miaka mia iliyopita, kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita 40 hivi chini yake, kwa hiyo ukinywa kidogo juu, chumvi hupanda sana chini. Lakini hupanda taratibu, kwa miezi, na usiku mmoja wa kuikodolea macho pampu hauwezi kuitia hatiani wala kuisafisha. Huenda pia ni ukame wa kaskazi, mvua za masika zikiwa bado. Au ni bahari yenyewe tena: kuelekea Machi, usiku na mchana vinapolingana, bamvua huwa kubwa zaidi, na kilele cha Shaaban kingeipita Rajabu hata kama hakuna aliyechota tone.

Jambo moja lilirekebishika siku ile ile. Bomba la pampu lilikuwa limeshushwa na fundi mpaka karibu na sakafu ya kisima, pale pale chumvi inapofika kwanza. Tulilipandisha futi nne, na tangi sasa hujazwa saa tatu baada ya bahari kupwa. Kilele kimeshuka chini ya 1,700 na sabuni imerudi kutoa povu. Kwa mkewe kesi imeisha. Kwangu mimi tumeuharibu mfululizo wa vipimo, kwani namba za baada ya kulipandisha bomba haziwezi kuwekwa mstari mmoja na za kabla, nami nilipaswa kupima kwa pamoja juu na chini siku kadhaa kabla ya kuligusa. Sikufanya hivyo. Mtu akiwa anasubiri maji ya kunywa, humwambii ngoja kwanza nikamilishe jedwali.

Jirani amekubali kalamu iingie kisimani mwake pia, usiku mmoja na kwetu, saa zile zile, kwa sharti kwamba mpimaji awe mpwa. Tumepanga bamvua ya kwanza baada ya Idi. Daftari limeshapigwa mstari kwa rula, lina safu mbili mpya, saa na hali ya maji. Maalim hakutaka kuanza ukurasa mpya. Alirudi mwanzo, siku ya kwanza, akajaza safu ya saa kwa wino mwekundu mpaka mwisho, mara arubaini na mbili: saa kumi, saa kumi, saa kumi.